Jana mwenzao, leo meneja: mwongozo wa miezi mitatu ya kwanza

Asubuhi niliyokabidhiwa funguo za stoo niliingia jikoni kama nilivyoingia kwa miaka sita, nikakuta mazungumzo yamekatika. Walikuwa watu wanne: wawili wanapara samaki, mmoja anakuna nazi, mmoja yuko jikoni kwenye moto. Dakika moja kabla yake nilikuwa nimevisikia vicheko vyao nikiwa ngazini. Hakuna aliyenichukia. Hawakujua tena yepi ya kusemwa mbele yangu, nami sikujua nikae wapi. Nikamimina chai, nikainywa nimesimama mlangoni huku kigoda changu kiko pale pale, nikatoka.

Mwongozo huu namwandikia yeyote anayeikaribia asubuhi kama ile, au aliyemo ndani yake sasa hivi. Nimefanya kazi katika nyumba za wageni hapa Lamu. Nilianza kwa kubeba mizigo kutoka jetini, nikapelekwa mapokezi, kisha nikapewa umeneja wa nyumba ya vyumba 12 na wafanyakazi 15. Mifano yangu ni ya kazi hiyo, lakini aliyepandishwa cheo zahanati, shuleni, katika duka la jumla au ofisi ya kaunti atayatambua mambo haya.

Mji wetu una jambo lake. Njia ni nyembamba na sote tunatembea kwa miguu. Mfanyakazi uliyemkanya saa nne utapishana naye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, saa sita, mtaswali adhuhuri safu moja, na usiku mtakula sinia moja harusini. Meneja wa mji mkubwa akitoka kazini anaweza kuwa mtu mwingine. Sisi hatuna nafasi hiyo. Barua ya uteuzi hapa inakupa kiti tu. Watu wataanza kukutii watakapoona, wiki baada ya wiki, kwamba unampimia kila mmoja kwa pishi moja. Karibu kila ninalolisema hapa chini linatokana na hilo.

Hatua ya 1: Zungumza na tajiri kabla ya kukubali

Wengi wetu tukiambiwa "kuanzia mwezi ujao wewe ndiye meneja" tunashukuru Mungu na kutoka nje kumpigia mama simu. Shukuru, mpigie mama, lakini kesho yake rudi ukae chini na tajiri, yaani mwenye nyumba. Nyumba nyingi za wageni hapa mjini na Shela wenyewe wako mbali, Nairobi au Ulaya, na mambo huendeshwa kwa simu. Usipojua mipaka yako mapema, utaijua siku ya kuaibika. Muulize haya, na uandike majibu yake mbele yake:

Naweza kutumia pesa kiasi gani bila kukuuliza? Pampu ya maji ikiharibika Ijumaa jioni na nyumba imejaa, nimwite fundi au nikungoje?

Nina uwezo wa kutoa likizo, kuchukua kibarua wa siku, kuandika onyo?

Mshahara wangu utakuwa kiasi gani, na nikiwa meneja bado nina fungu kwenye bakshishi?

Mfanyakazi akikupigia wewe moja kwa moja kunilalamikia, utamjibu nini?

Hilo la mwisho ndilo zito. Wafanyakazi wa zamani wana namba ya tajiri, na ndani ya mwezi wa kwanza kuna mmoja atakayeipiga. Mkubaliane kwamba tajiri atasikiliza, kisha atauliza, "Umeshazungumza na meneja?" na kuurudisha mzigo kwako. Mkubaliane pia kwamba mtu anayelalamika kuwa unaiba, unamtukana au unamsumbua kimapenzi asirudishwe kwako hata kidogo. Mlango huo lazima ubaki wazi, na ni heshima kwako kuwa wewe ndiye uliyeomba ubaki wazi.

Majibu haya yaingie kwenye barua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anapobadilisha masharti ya kazi ashauriane na mfanyakazi na amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Kwa hiyo unapoomba barua huombi hisani. Kisha mwambie tajiri atangaze uteuzi wako yeye mwenyewe, kwa sauti yake, mbele ya wote. Kama hawezi kuja, azungumze kwa simu iliyowekwa spika katikati ya meza. Habari hii ikifika kwa uvumi kutoka jetini, utatumia mwezi mzima kuifukuza.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, sema machache

Mimi nilihutubia robo saa. Nilieleza mipango, nikaahidi mambo mawili ambayo pesa zake sikuwa nazo, na nikasema neno ambalo wasimamizi wapya wengi hulisema: "Mimi ni yule yule." Usilitamke. Si kweli, wao wanajua si kweli, na siku utakapomnyima mtu ruhusa atakurushia neno lako usoni.

Dakika tatu zinatosha. Sema hivi, kwa lugha yako: "Mnanijua, nami nawajua. Kwa wiki mbili sibadilishi kitu. Rosta inabaki ilivyo, siku ya mshahara ni ile ile. Katika wiki hizo nitakaa na kila mmoja wenu peke yake. Mwenye jambo la kazi kuanzia leo aniletee mimi." Kisha rudini kazini.

Zile wiki mbili zina kitu kimoja cha kutengwa, nacho ni hatari. Waya ulio wazi bafuni, mtungi wa gesi unaovuja, mashua inayowachukua wageni Manda, ng'ambo kwenye uwanja wa ndege, bila jaketi za kujiokolea: hayo rekebisha siku hiyo hiyo, wala usiombe ushauri.

Hatua ya 3: Kaa na kila mmoja

Tenga nusu saa kwa kila mtu. Anza na mkubwa wa umri, maliza na aliyeajiriwa juzi, na usimruke mlinzi wa usiku kwa sababu zamu yake ni ya shida. Mimi mlinzi wetu nilimfuata saa kumi na moja alfajiri kabla hajaondoka, na yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mlango wa nyuma ulikuwa haufungiki tangu mvua za mwaka uliotangulia. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mahali pana maana. Ofisi inatisha, na mwanamume kukaa na mfanyakazi wa kike chumbani mlango umefungwa ni kumpelekea nyumbani maneno asiyostahili. Kaeni darini au kwenye baraza la ndani, mnapoonekana lakini hamsikiki.

Uliza maswali manne. Kazi yako ni nini hasa, siku nzima, kutoka kufika hadi kuondoka? Nini kinakukwamisha? Ungekuwa mimi ungeanza na nini? Na kuna jambo gani la nyumbani linalogusa kazi ambalo ungependa nilijue? Hilo la mwisho mwachie ajibu au asijibu. Andika kwenye daftari, usibishe, usijitetee, usiahidi. Mtu akisema chai ya wafanyakazi haina maziwa, andika maziwa.

Ukimaliza wote, utakuwa na vitu viwili au vitatu vidogo vilivyotajwa na watu watano au sita. Kwetu vilikuwa maziwa, ule mlango wa nyuma, na shuka ambazo hazikutosha siku ya kubadilisha vyumba vyote. Tengeneza kimoja kabla ya mwezi kwisha, na useme wazi kwamba kilitoka kwao.

Hatua ya 4: Marafiki, jamaa, wazee, na yule aliyekitaka kiti chako

Hapa ndipo wasimamizi wapya wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa hapa.

Rafiki yako wa karibu kazini mwendee wiki ya kwanza, mbali na kazi. Mwambie mambo matatu usoni: siri za wenzako sitakupa, kosa lako sitalifunika, na nje ya kazi sisi ni sisi. Atasema "najua, najua". Hajui bado. Siku atakapochelewa nawe ukamwandika kama ulivyowaandika wengine, hapo ndipo atakapojua, na wengine wote watakuwa wanatazama. Urafiki wetu mimi na wa kwangu ulikaa kimya kwa miezi miwili, kisha ukarudi. Naamini kama ningemfunikia ningempoteza yeye na wale 14.

Kwenye baraza endelea kukaa. Ukihama utaambiwa umepata cheo umetususa, na utakosa habari za mji unazozihitaji kama kila mtu. Mazungumzo yakigeukia kazi, sema "hilo tulizungumze kesho" na uulize habari nyingine. Yakigeukia mfanyakazi ambaye hayupo, simama, uage, nenda nyumbani. Ukifanya hivyo mara mbili watajifunza.

Kikundi cha WhatsApp cha wafanyakazi kiage. Usitoke kimyakimya, andika kwamba unatoka ili wawe na mahali pao pa kuzungumza, pamoja na pa kukuzungumzia wewe. Kisha fungua kingine cha kazi tu: rosta, orodha ya wageni wanaofika, saa za ndege. Usiku baada ya saa tatu usitume kitu isipokuwa ni dharura.

Pesa. Kama mko pamoja kwenye chama cha kuchanga pesa, bakia ukitaka, lakini usiwe mweka hazina. Usimkopeshe mfanyakazi pesa zako, hata mia mbili za nauli ya mashua, kwa sababu wa pili akija na huna, umeshabagua. Badala yake mwombe tajiri akubali utaratibu wa advansi ulioandikwa. Sisi tuliweka kwamba isizidi theluthi ya mshahara, iombwe kabla ya tarehe 15, na ya pili isitoke hadi ya kwanza iishe kukatwa. Masharti yakibandikwa ukutani hukulazimiki kumtazama mtu machoni ukamwambia hapana, ukuta umeshasema.

Bakshishi za sanduku la pamoja mimi niliacha kuchukua. Nilimwambia tajiri aniongezee kidogo kwenye mshahara badala yake. Sanduku hufunguliwa Jumamosi mbele ya watu wawili wanaobadilishana kila wiki, pesa zikahesabiwa kwa sauti na kugawanywa pamoja na wale wa kufua, ambao wageni hawawaoni kamwe. Nyumba nyingine hufanya vingine, lakini meneja anayegawa pesa na kujigawia hata akiwa mwaminifu kama malaika atashukiwa.

Jamaa. Lamu ni nadra kukosa binamu kazini. Mwambie tajiri mapema, kwa maandishi, nani ni nani kwako. Likizo, onyo na nyongeza ya jamaa yako zipitie mkono wa tajiri. Nafasi ikitokea na ndugu yako akaomba, kaa nje ya uamuzi.

Sasa wazee. Mapokezi tulikuwa na mzee aliyenifundisha kazi yote, tangu kujaza kitabu cha wageni hadi kumtuliza mgeni aliyekosa ndege. Kabla tajiri hajatangaza, nilikwenda kwake nyumbani baada ya isha. Nikamwambia, "Ami, nimepewa umeneja. Sikutaka ulisikie kwa watu." Alinyamaza kwa muda, akasema, "Mwanangu, umeneja mimi siutaki. Ninachotaka usinitume mbele ya wageni kama mtoto." Hayo tu. Tangu siku ile shikamoo yangu haikubadilika, na maagizo yake nilimpa mapema asubuhi, wawili peke yetu, kwa njia ya kuomba: "Ami, leo kuna wageni wanane wa ndege ya mchana, nisaidie vyumba vya juu viwe tayari saa saba." Mzee wa watu alivitayarisha saa sita.

Lakini heshima isiwe msamaha wa kazi. Mwaka uliofuata aliacha kuandika malipo ya taslimu kitabuni, mara moja, mara mbili. Nilikwenda tena kwake, nikamwonyesha kurasa, nikamwuliza kama macho yanamsumbua. Yalikuwa yanamsumbua. Tukampa kijana wa kuandika, yeye akahesabu na kutia sahihi. Kama ningenyamaza kwa kumwonea haya, hesabu ingemfikia tajiri ikiwa na jina la wizi.

Na yule mwingine, aliyekitaka kiti akakikosa. Usimkwepe, wala usimpe pole, itamuumiza zaidi. Mwambie, "Najua uliitaka nafasi hii na una uwezo nayo. Ungepewa wewe, ungeanza na nini?" Sikiliza kwa dhati, maana huenda ana jibu bora kuliko lako. Kisha mpe kazi nzima yenye uzito, mathalani manunuzi yote ya soko na samaki, pamoja na bajeti yake. Mwezi ukipita na bado anakuchimba chini kwa chini, mwite umwambie uliyoyaona, kwa tarehe. Baada ya hapo suala hilo ni la nidhamu, kama kwa mfanyakazi mwingine yeyote.

Neno moja la ziada. Utani uliokuwa utani mlipokuwa sawa sasa una uzito mwingine. Mwanamke uliyekuwa ukimtania umevaa nini leo hawezi tena kukujibu anavyotaka, kwa sababu rosta yake iko mkononi mwako. Acha. Sheria ile ile ya 2007 inakataza unyanyasaji wa kimapenzi kazini, na mwajiri mwenye watu 20 au zaidi analazimika kuwa na taarifa ya sera kuhusu jambo hilo. Hata mkiwa watano, wewe liandike na ulibandike.

Hatua ya 5: Iache kazi yako ya zamani

Nilikuwa hodari wa kupokea wageni. Nilijua manahodha wote wa Manda, nilijua saa za maji kujaa na kutoka. Miezi miwili baada ya kuwa meneja bado nilikuwa navuka kwenda uwanja wa ndege mwenyewe kila siku, kwa sababu nilifanya vizuri kuliko kijana aliyenirithi. Siku moja nikiwa kule, chumba kimoja kikauzwa kwa familia mbili, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuamua. Wageni wa pili walikaa na mabegi yao ukumbini tangu saa nane hadi magharibi. Kosa lile lilikuwa langu mimi niliyekuwa nikifurahia upepo wa bahari.

Kazi unayoipenda ndiyo ya kwanza kukabidhi. Ikabidhi kwa ngazi nne: nitazame nikifanya, tufanye pamoja, ufanye nikikutazama bila kusema, ufanye peke yako uniletee habari jioni. Usiruke ya tatu, ndiyo inayouma. Kijana wangu mara ya kwanza alisahau kwamba maji yakitoka mashua haifiki ngazini, mgeni mzee akalazimika kushuka na viatu mkononi. Nilikuwepo, niliona kabla halijatokea, nikajizuia, kwa sababu maji yalikuwa ya kifundo cha mguu na hakuna hatari. Kuanzia siku hiyo kijana yule hakosi kuangalia maji kabla ya kuweka saa. Kama ingekuwa hatari ningesema.

Unapokabidhi, taja kinachotakiwa mwishoni, kiasi cha pesa, muda, na mambo anayoruhusiwa kuamua bila wewe. Ukiona umerudi kuifanya mwenyewe "kwa leo tu", mwulize kwanza mwenye kazi nini kimemkwama.

Hatua ya 6: Rosta na likizo

Hakuna karatasi itakayokupa sifa au kukuvunjia jina kama rosta. Iweke ukutani wiki mbili kabla. Kisheria kila mfanyakazi ana angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya miezi 12 ya utumishi. Anza na hizo ndipo upange mengine.

Mwaka wetu una umbo lake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, nyumba zinajaa. Masika yakiingia, Aprili hadi Juni, wageni wanapungua na nyumba nyingine hufunga kabisa Mei. Likizo ndefu, rangi za kuta, mafunzo na matengenezo ya mashua viende huko. Ramadhani na Idi husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo rosta ya mwaka jana haikufai. Mfungo sita kuna Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, mji unajaa na kila mtu anataka jioni zake. Wakristo wetu wa Mpeketoni na bara wanataka Krismasi, ambayo ni kilele cha kazi.

Tulichokubaliana ni hiki: aliyefanya kazi Idi anapumzika Krismasi au Mwaka Mpya, na kinyume chake, aliyekosa mwaka huu anatangulia mwakani. Majina yaliandikwa Januari kwenye kalenda kubwa ya ukuta wa jikoni, kila mmoja akiona la mwenzake. Misiba haina kalenda. Mruhusu mtu akazike kwanza, hesabu za siku zije baadaye.

Hatua ya 7: Kumwambia mtu ukweli

Kuna wanaofikiri uungwana ni kunyamaza. Kunyamaza kunamwacha mtu aendelee kukosea mbele za watu hadi siku afukuzwe bila kujua alianza lini. Mwambie mapema, mkiwa wawili, jambo moja kwa wakati mmoja: ulichokiona, kilichotokea kwa sababu yake, kisha swali.

Kijana wa kifungua kinywa alianza kuchelewa. Nilimwita darini.

"Keti. Nina jambo moja. Wiki hii umeingia saa moja na nusu mara tatu: Jumatatu, Jumatano na jana. Zamu ni saa kumi na mbili na nusu. Jana wageni wa chumba cha juu walikuwa na safari, wameondoka hawajala. Kuna nini?"

Kisha nikanyamaza. Hapa ndipo pagumu, ulimi unawasha. Alitazama sakafu muda mrefu.

"Mashua, bosi."

"Mashua ipi?"

"Ya kutoka Mokowe, ng'ambo. Haiondoki mpaka ijae. Nalala kule siku hizi, mama mgonjwa."

"Pole. Tangu lini?"

"Tangu mwezi uanze."

"Unaweza kufika saa ngapi kila siku bila kukosa?"

"Saa mbili."

Tukambadilishia na mwenzake kwa wiki tatu, saa mbili hadi jioni, nikaandika tarehe ya kuangalia upya. Mwenzie mmoja alinifuata kulalamika kuwa fulani anapendelewa. Habari za mama sikuzitoa, hazikuwa zangu. Nilimwambia, "Wewe ukiwa na shida njoo uniambie, utapimiwa pishi hiyo hiyo." Miezi minne baadaye alikuja, na akapimiwa.

Maneno ya kuepuka: "watu wanalalamika", maana anayesema ni wewe; "wewe kila siku", maana si kila siku; na "kwa sababu mimi ndiye meneja". Kusifu nako kuwe kwa jambo lenyewe. "Umefanya vizuri" ni hewa. "Ulivyomtafutia yule bibi kiti cha kivulini kabla hajaomba, nimeona" hukaa moyoni mwaka mzima.

Hatua ya 8: Nidhamu na sheria

Kosa dogo la kwanza ni mazungumzo. Likirudiwa, andika barua ya onyo, asome, atie sahihi kuwa ameipokea. Likifikia kumwachisha mtu kazi, usiende kwa hasira za jioni. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua yeye, na maelezo yake yasikilizwe kabla ya uamuzi. Hiyo ni hata kwa kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha papo hapo, kama wizi. Meneja mpya anayemwambia mtu "toka, usirudi" mbele ya wageni amemtia tajiri wake mahakamani kwa maneno mawili.

Na vyombo vilivyovunjika. Nyumba nyingi zina mazoea ya kukata mshahara kwa kila glasi. Sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki pale tu mali ilipoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Glasi iliyoteleza kwenye sabuni siyo hiyo. Nilipoyakomesha makato hayo, watu waliacha kuvificha vigae vya glasi chini ya taka, na wanaotoa taka wakaacha kukatwa mikono.

Hatua ya 9: Tajiri, na wewe mwenyewe

Kila Jumapili jioni mtumie tajiri mistari mitano: vyumba vilivyouzwa, pesa iliyoingia na kutoka, kilichoharibika, jambo la wafanyakazi, unachohitaji kuamuliwa. Habari mbaya zipeleke siku hiyo hiyo, kabla hazijamfikia kwa mdomo mwingine. Akikupa agizo usilokubaliana nalo, mbishie faraghani, mkikubaliana litangaze kama lako. Usiwaambie wafanyakazi "tajiri ndiye kasema". Ukifanya hivyo mara tatu hawatakuwa na haja nawe, watampigia yeye.

Waliosema ukubwa jaa walijua wanachosema: kila taka itatupwa kwako. Tafuta mtu mmoja nje ya kazi yako, meneja wa nyumba nyingine au nahodha wa zamani, umwage kwake. Nyumbani usizimwage kila usiku, utawachosha wasio na hatia.

Mwisho wa mwezi wa tatu

Fungua lile daftari. Kaa tena na kila mmoja, uulize maswali yale yale manne, uongeze la tano: ni jambo gani ninalolifanya ungependa niliache? La mwisho hilo mzee wangu wa mapokezi alilijibu bila kusita. Alisema naingia jikoni mno wakati wa chakula, watu hawapumui. Nikaacha kuingia saa hizo.

Kisha fanya jaribio. Chagua siku tatu ambazo nyumba haijajaa, mpe mtu mmoja funguo za stoo na kiasi cha pesa, vuka Mokowe upande basi uende Malindi au Mombasa kuwaona jamaa. Simu iwe kwa dharura tu, na mkubaliane mapema dharura ni nini. Ukirudi usiulize nani kakosea. Uliza nini kilisimama kwa sababu haupo, ukiandike chote kwenye ukurasa mmoja, na kila mstari uutilie jina la mtu utakayemfundisha.